Utani wa Genge la Tura

Mpo? Nasema, mpo? Itikieni kama watu waliokula, siyo mnanong'ona kama mnamwamkia mkwe! Haya. Sogeeni huku kwenye ubaridi, na hizo simu zilazeni kifudifudi, nazo zipumzike. Mimi nimeshakaa, sisimami tena mpaka mniinue. Goti la kushoto lilistaafu kabla yangu. La kulia limebaki kibarua: siku linakuja, siku haliji.

Naitwa Mihayo. Nilikuwa genge la reli, kambi ya Tura. Shule sikusoma. Nilipita karibu nayo nikichunga ng'ombe, nikasikia watoto wanaimba, nikaitikia kwa mbali, basi hiyo ndiyo elimu yangu yote. Kwa hiyo nikikosea msinisahihishe, nimechoka kusahihishwa.

Jana mmoja wenu, yule mwenye nywele za kusuka pale nyuma, usijifiche nimekuona, kaniona namwambia kijana wa bodaboda, "Wewe Mzaramo, mtumwa wangu, nani kakupa ruhusa ya kuendesha?" Huyu binti akakimbilia kumwomba yule kijana msamaha! "Msamehe babu, ni uzee." Yule wa bodaboda anacheka, binti anataka kulia. Halafu akaniuliza, "Babu, hivi huo utani ni kitu gani? Umetoka wapi?"

Swali zuri. Ninyi kila kitu mnaita utani. Mtu kakudanganya: nilikuwa nakutania. Kakuangusha kwenye matope: utani tu. Huo siyo utani, huo ni ujinga wenye meno meupe. Mzaha ni wa kila mtu, hata mbuzi anafanya mzaha. Utani una wenyewe. Ngoja niwaambie nilivyojifunza mimi, na nilijifunzia mgongoni.

Reli mnaiona imelala tu pale. Hailali ile. Asubuhi imejikunja kwa baridi, mchana inajinyoosha kwa jua, inatafuta pa kutokea. Na jua la kule, upande wa Mgunda Mkali, siyo hili lenu. Jua lile, kivuli chako mwenyewe kinakukimbia kinatafuta kivuli. Nimeona mjusi anavuka reli kwa kuruka-ruka kama anacheza ngoma, akafika ng'ambo akakaa analia. Sasa katika jua hilo mnakwenda watu wa genge, mna sururu, mna makoleo, mna mitaimbo, mnashindilia kokoto chini ya mataruma, yale magogo reli inayolalia, mpaka reli ikae sawa. Kesho mnarudi, imezama palepale, kama mlikuwa mnaiota.

Nyundo haipigwi kwa mkono. Shikeni hilo, hata kama siku hizi kuna mashine. Mkono unaelekeza tu, anayepiga ni kiuno. Mimi siku za kwanza nilipiga kwa mkono, jioni nikashindwa kupeleka tonge mdomoni. Nikala kama kuku, kwa kudonoa. Aliyenikuta nadonoa ni Kondo.

Kondo alikuwa Mzaramo wa kule Kisarawe. Mwembamba! Akisimama pembeni ya mtaimbo unauliza upi ni upi. Lakini sauti! Akipiga kelele Tura, stesheni masta wa Malongwe anashusha bendera. Akanitazama pale nadonoa, mimi mgeni, simjui, hanijui. Akasema kwa sauti hiyo, "Oneni! Mnyamwezi wangu kaugua! Nimemnunua jana tu, leo keshaharibika!"

Genge zima likaangua kicheko. Mimi nikaweka sahani chini. Nikamwambia, "Mzaramo, mtu aliyekulia kulala chini ya mnazi akingoja nazi imwangukie mdomoni, anajua nini kuhusu kazi?" Akaja akakaa karibu yangu, akachukua tonge, akachovya mchuzi, akanilisha. Sikuamini. Huku ananilisha ananitukana. "Kula, mtumwa wangu. Kichwa chenu kimebonyea kwa kubeba pembe za ndovu, akili zimehamia tumboni."

Tangu siku hiyo hatukuwahi kusalimiana vizuri. Miaka yote. Asubuhi wenzetu wanasema habari za kuamka, sisi tunaanza na ukoo.

Na msidhani ilikuwa kupoteza muda. Kunyanyua reli moja ni kazi ya watu wengi, na lazima waivute kwa pumzi moja. Mmoja akichelewa, mwenzake anavunjika mgongo. Kwa hiyo lazima awepo mwitaji. Mwitaji wetu alikuwa Kondo, na alituita kwa kunitukana mimi. Anaanza:

"Mnyamwezi kala nini?"

Genge: "Michembe!"

"Kanywa nini?"

"Maji ya michembe!"

"Kapata nguvu?"

"Hata kidogo!"

Hapo kwenye "kidogo" reli iko juu! Inapaa yenyewe! Na mimi niliyetukanwa ndiye nanyanyua kuliko wote, maana nimejaa hasira na kicheko, na vitu hivyo viwili vikikutana kifuani mtu anaweza kunyanyua stesheni. Wiki moja Kondo alishikwa na homa. Mnyapara akajaribu kutuita kistaarabu: moja, mbili, tatu. Reli ikatutazama tu. Ikabidi tumbebe Kondo na blanketi lake, tukamlaza pembeni ya njia, akanitukana akiwa amelala, anatetemeka. Kazi ikaenda.

Michembe wengine hamuijui. Ni viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa. Ukitembea navyo mfukoni unafika popote. Babu zetu walifika navyo Bagamoyo.

Sasa kosa. Akaja kibarua mgeni, anaitwa Sospeta, katoka mbali sana huko mipakani. Mtu wa maneno machache, ana mikono kama makoleo. Kondo kwa mazoea yake, asubuhi ya kwanza tu, akamwendea: "We mtumwa wangu, nani kakufungulia kamba?" Alidhani kila anayekaa na Mnyamwezi ni Mnyamwezi. Kumbe kwa kina Sospeta na Uzaramo hakuna utani, hawajawahi hata kuazimana chumvi! Sospeta aliinama taratibu, akaokota sururu.

Jamani, Kondo alikimbia! Walishika njia ya reli kuelekea Malongwe. Nyuma likatokea treni la mizigo, dereva anapiga honi apishwe. Kondo hajageuka, anampungia mkono kwamba ngoja kwanza bwana, niko kazini. Mimi naapa treni lile lilichelewa kwa ajili ya miguu ya Kondo. Waliporudi jioni wamechoka wote wawili, Kondo ndiye kambebea Sospeta sururu, au Kondo kabebwa pamoja na sururu, hapo sikuona vizuri.

Mnyapara wetu, Mzee Lubeleje, Mgogo mmoja mwenye masikio marefu, akatukalisha chini. Ndiye aliyetueleza utani umetoka wapi. Kwa hiyo binti mwenye nywele, sikiliza hapa.

Lubeleje akasema: njia hii mnayoshindilia kokoto, kabla ya reli ilikuwa njia ya miguu. Misafara ilitoka Unyanyembe, hapa kwetu Tabora, ikapita Tura, ikaingia Mgunda Mkali ambako hakuna maji, ikatokea Ugogo, ikashuka mpaka Uzaramo na bahari. Hata neno mnyapara ni la msafara, kwetu nyampala ndiye mkubwa wa wachukuzi. Babu yangu alibeba. Alibeba pembe kubwa mpaka tembo mwenyewe akawa anafuata nyuma kuulizia. Sasa mchukuzi akiugua njiani, msafara haungoji. Anaachwa. Anaachwa kwa nani? Kwa wenye nchi. Akifa, atazikwa na nani? Ndugu zake wako mwezi mzima nyuma. Na walewale wenye nchi jana mligombana nao kisimani, mkataka kuuana kwa kibuyu cha maji.

Basi wakaona huku ni kuchoshana. Wakaambizana: tugombane kwa mdomo tu. Wewe niite mtumwa, na mimi nikuite mtumwa. Wote tukiwa watumwa, basi hakuna mtumwa. Ukipita kwangu na njaa, chukua kuku, usiombe. Ukifia kwangu nitakuzika kama wangu. Na kwa kuwa ndugu hawapo wa kulia, nitakucheka mimi, ili kaburi lisikae kimya.

Ndivyo alivyosema Lubeleje. Kama ni kweli sijui, mimi sikuwepo, na yeye masikio yale huenda yalisikia zaidi ya yaliyosemwa. Lakini Sospeta alisikiliza, akamtazama Kondo, akasema, "Kwa hiyo nilitaka kumuua mtu mwenye adabu." Tangu hapo wakawa marafiki.

Halafu Sospeta akafa. Mnaona, ninachoka. Nipeni hayo maji.

Homa tu. Ilimchukua palepale kambini, mtu mwenye mikono ile. Kwao mbali, tukamzika sisi, nyuma ya kambi. Na katika genge zima hakuna hata mmoja mwenye utani na watu wake. Kondo alisimama na koleo, nauona mdomo wake unacheza, una maneno, lakini haki hana. Hakuna aliyevaa kofia ya marehemu akamwigiza, kama mtani anavyofanya msibani. Hakuna aliyeingia kaburini akasema hatoki. Tulifukia udongo, unasikika udongo tu.

Tukirudi Kondo akanishika bega. Siku hiyo hakunitukana, nikaogopa. Akasema, "Mihayo, mimi usije ukaniacha nikazikwa hivi. Nimetukanwa maisha yangu yote. Siku ya mwisho ninyamaziwe kama sina mtu?"

Nikamwambia, "Utakufa wewe basi? Uvivu huo, hata kufa utachelewa." Akasema, "Apa." Nikaapa. Na yeye akaniapia mimi.

Wakatustaafisha. Zikaja mashine. Mashine moja inashindilia kokoto kazi ya genge zima, wala haimtukani mtu. Nimekwenda kuitazama. Nikaisogelea nikaiambia, "Mtumwa wangu, hujambo?" Ikanipulizia moshi usoni. Nikarudi zangu. Mimi nikapata kishamba huku Kipalapala, nalima mihogo, mafrateri wa seminari wakipita wananipa shikamoo, nami naitikia marahaba, marahaba, mpaka taya linauma. Heshima inachosha, wanangu. Hamjui tu. Ukizeeka kila mtu anakuheshimu, hakuna hata mmoja wa kukwambia suruali yako imechanika. Wa kuniambia alikuwa Kondo. Alihamia Ng'ambo, mjini Tabora, na mkewe Bi. Tatu, Mzaramo mwenzake. Nikitaka kutukanwa vizuri napanda bodaboda naenda Ng'ambo.

Mwaka jana, asubuhi, simu ikaja. Binti yake, Mwanaidi. "Baba mdogo, baba katutoka." Nikakaa kwenye tuta la mihogo. Nikasikia naitwa tena kwenye simu, "Baba mdogo? Njoo. Mama hajasema neno tangu alfajiri. Halii, hanywi hata uji. Anatazama ukuta."

Nikavaa nguo mbovu kuliko zote, maana mtani haendi msibani kama bwana harusi. Kwangu kazi haikuwa kuchagua mbovu, kazi ni kuchagua moja. Nikafika Ng'ambo wameshamwosha, jeneza liko ndani, watu wamejaa uani kwenye majamvi. Bado wanangoja waende kumswalia. Nikaona kwenye kamba msuli wa Kondo na kofia yake. Msuli nikaufunga juu ya suruali yangu, kofia nikaivaa. Kondo alitembea upande, nyundo iliwahi kumwangukia kidole, basi nikatembea upande. Nikaingia katikati ya watu: "Nani kafa hapa? Mimi ndiye Kondo, sijafa! Nimelala tu kama kawaida yetu Wazaramo! Leteni wali!"

Kimya.

Nyie, mimi nimesimama mbele ya treni bila breki, lakini kimya kile kilikuwa kizito zaidi. Watani wenzangu wa zamani wamekwisha, waliopo ni vijana wa mjini na wakwe kutoka Dar es Salaam. Mmoja ananipiga picha. Mume wa Mwanaidi, anaitwa Fadhili, kijana mzuri, kanzu nyeupe, akanijia pole pole. Hatukuwahi kuonana, na Mwanaidi yuko ndani na wanawake.

"Mzee, shikamoo."

"Shikamoo ya nini? Wewe si mkwe wangu? Leta wali!"

"Mzee wangu, umekunywa?"

"Nimekunywa msiba wa mtumwa wangu!"

Neno lile mtumwa likamtoa macho. Akawakonyeza wenzake wawili. Wakanishika makwapani, kwa adabu kabisa, wakanibeba kama kochi linalohamishwa nyumba. Wakaniweka nje, kwenye tofali karibu na bomba la maji. Wakanipa chupa ya maji baridi. "Pole mzee. Kapumzike." Wakanivua ule msuli, wakaukunja vizuri.

Wangenipiga ningefurahi. Ngumi unaijibu. Chupa ya maji unaijibu vipi?

Nikakaa pale. Kijana wa bodaboda aliyenileta bado yupo, akasema, "Babu, nikurudishe Kipalapala?" Nami nikaona, kweli, kwa nini nisirudi? Nimejaribu. Mkataba wa watu wawili, mmoja keshafunikwa sanda. Nani atanidai? Nikasimama, nikashika kiti cha pikipiki. Mguu mmoja nikaupandisha.

Ndani nikasikia wanaanza: "La ilaha illallah." Wananyanyua jeneza. Na nikasikia wananyanyua vibaya! Mtu wa genge anasikia. Huyu kawahi, yule kachelewa, upande mmoja umeinama. Hakuna mwitaji. Nikashusha mguu.

Lango la ua ule ni moja na ni jembamba. Nikalala hapo. Kulala chini mtu wa umri wangu ni mambo ya hatua, kwanza unashika ukuta, halafu unashika goti, halafu unajiachia na kumwachia Mungu. Nilipofika chini jeneza lilikuwa limeshafika juu yangu. Naona kandambili, naona viatu, naona pindo za kanzu, na juu kabisa kitambaa cha kijani.

"Hapiti mtu!"

Fadhili akasema, "Huyu mzee karudi! Jamani, mtoeni!"

"Mkinitoa mtanitoa na lango. Mmembeba nani humo?"

Maalim, mtu mzima wa kule mjini mwenye ndevu nzuri, akainama. "Mzee wangu, maiti haicheleweshwi. Inuka, Mungu akulipe."

"Maalim, mimi simcheleweshi. Mimi nadai changu. Humo mmeweka mtumwa wangu, kanitoroka. Miaka yote namfuga, namlisha michembe, leo mnampeleka kulala bila kuniuliza? Namchukua kwangu Kipalapala akapalilie mihogo!"

Wanatazamana. Mmoja akasema kwa sauti ndogo, "Tumruke tu." Mwingine, "Turuke vipi na jeneza, we vipi?"

Nikaendelea. "Semeni! Nani mwenye huyu mtu? Ajitokeze tuelewane! Mzaramo gani hapa ana ulimi?"

Hakuna. Na hapo ndipo nilipochoka kabisa, wanangu. Utani ni kama ule msumeno wa kukatia mataruma ya mti, una mishikio miwili. Mmoja avute, mwingine avute. Ukishika peke yako unabaki mtu mzima umelala njiani, unapigia kelele viatu vya watu. Sauti ikaanza kunitoka mbaya, ile ya kulia, na mtani halii, ni mwiko, akilia kazi imeharibika. Nikauma mdomo. Nikatazama kile kitambaa cha kijani. Nikasema, lakini sasa ilikuwa kama naomba, "Kondo. Nijibu basi. Nitukane hata kidogo, niinuke."

Fadhili akainama anishike mkono. Naye nikaona macho yake mekundu, kijana wa watu, hajui tu.

Hapo dirisha la chumba cha wanawake likafunguka, pu! Watu wote wakageuka. Ni Bi. Tatu mwenyewe, kajifunika kanga mpaka kwenye paji la uso, yule ambaye hajasema neno tangu alfajiri. Machozi yanashuka kama mvua ya masika, mkono umenyooshwa kunielekea pale chini, na sauti, sijui alikuwa kaificha wapi siku zote, ikajaa ua mzima mpaka njiani:

"Mihayo! Mchukue basi, uende naye! Lakini akianza kukoroma, usije ukanirudishia!"